Mato, moto, mtoto: wasomi wa China na maneno ya marehemu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasoma prufu za diwani ya mashairi ya kale ya pwani. Kwenye ukurasa mmoja nikakuta neno "mato" mwishoni mwa mshororo. Nikalikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika "macho". Mbele kidogo nikakuta "tini", nikaandika "chini". Nilikwenda hivyo kurasa nyingi nikiamini naisafisha kazi, hadi mzee mmoja wa Lamu, aliyepewa nakala aipitie, aliponipigia simu. Hakugomba. Alinisomea ubeti mmoja mara mbili, kwanza kwa maneno yangu, kisha kwa maneno ya mshairi. Kwangu mimi ilikuwa macho, moto, mtoto. Kwa mshairi ilikuwa mato, moto, mtoto.

"Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mzee."

"Basi mrudishie marehemu kina chake."

Nilivirudisha vyote, kimoja kimoja, usiku ule na usiku uliofuata. Na kila nilipofuta wino wangu mwekundu niliwakumbuka watu niliowasoma nilipokuwa mwanafunzi Hangzhou, mashariki ya China. Walikuwa wasomi wa Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, wao wakiwa wa karne ya 17 na ya 18. Darasani nilijifunza majina yao kwa ajili ya mtihani. Simu ya yule mzee ndiyo iliyonifanya nielewe walikuwa wanapigania nini.

China ina diwani ya kale iitwayo Shijing, yenye mashairi 305, mengi yakiwa na umri wa zaidi ya miaka 2,500. Kila mtoto aliyepelekwa shule aliyakariri. Shida ni kwamba vina vilikuwa vimevunjika. Katika shairi la kwanza kabisa, lile la kijana anayekosa usingizi kwa kumtamani binti mwema, mishororo inaishia na de, fu na ce. Ukiisoma hivyo, "fu" inakaa katikati ya wenzake kama mgeni. Wasomaji wa zama za nasaba ya Song, akiwemo Zhu Xi mwenyewe, yule mwanafalsafa mkubwa wa karne ya 12, walikuwa na dawa yao: likitokea neno lisiloafikiana na wenzake, unaligeuza matamshi hapohapo ili kina kikae sawa, kisha ukifika shairi jingine unaligeuza namna nyingine. Neno moja likawa na sauti nne, kila moja kwa mahitaji ya ubeti wake.

Mwaka 1606 alitokea Chen Di, mtu wa Fujian aliyewahi kuwa askari na aliyevuka bahari hadi Taiwan mwaka 1603 akaandika alichokiona huko. Yeye alisema jambo ambalo leo linaonekana jepesi, na wakati ule halikuwa jepesi hata kidogo: nyakati zina jana na leo, nchi ina kaskazini na kusini, maandishi hubadilika na sauti huhama. Mashairi hayakuharibika. Tuliohama ni sisi. Akakusanya ushahidi wa aina mbili, wa ndani ya Shijing yenyewe na wa pembeni, kutoka vitabu vingine vya kale, akaonyesha kwamba "fu" ya zamani ilitamkwa karibu na "bi", na kila inapotokea kwenye kina inakaa na jamaa zake wa sauti hiyo. Kama "mato" inavyokaa na "moto".

Najua si kila msomaji wa Kiswahili amesoma Kiamu, lahaja ya Lamu, lakini nadhani tunalielewa jambo hili haraka kuliko watu wengi. Tumezaliwa kwenye lugha ambayo njia ni ndia kwa mwingine, na mchanga ni mtanga, na tunajua kwamba asemaye hivyo hakukosea.

Kuna mfalme aliyekosea kama nilivyokosea mimi, ila yeye kosa lake lilikuwa na muhuri. Katika karne ya 8, Xuanzong wa nasaba ya Tang alikuwa akisoma Shangshu, kile kitabu cha hotuba na maagizo ya wafalme wa kale, akakuta sentensi mbili ambazo vina vyake havilingani. Neno la kwanza lilisomwa po, la pili yi. Akaona bila shaka mwandishi wa nakala alikosea, akatoa amri herufi ya po ibadilishwe iwekwe nyingine inayolingana na yi. Ikabadilishwa nchi nzima. Karibu miaka 900 baadaye Gu Yanwu akaeleza kwenye barua kwa rafiki yake Li Zide kwamba hiyo yi zamani ilitamkwa kwa sauti iliyo karibu na "wo". Vina vilikuwa sawasawa tangu mwanzo. Mfalme alikuwa amesahihisha kitabu kitukufu kwa sababu masikio yake yalikuwa ya zama zake. Katika barua hiyohiyo Gu aliandika kanuni ambayo wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake waliishi nayo: kusoma vile vitabu tisa vitukufu vya kale kunaanza na kuyahakiki maandishi, na kuyahakiki maandishi kunaanza na kuzijua sauti.

Huyu Gu Yanwu inafaa tumkalie kidogo, kwa sababu bila yeye mtu anaweza kudhani uhakiki huu ulikuwa mchezo wa wazee wenye nafasi.

Alizaliwa Kunshan, karibu na Suzhou, mwaka 1613. Mama aliyemlea hakuwa mama mzazi. Alikuwa binti aliyeposwa kwenye ukoo wa Gu, mchumba akafa kabla ya harusi, naye akaamua kuja kuishi ukweni kama mjane, akapewa mtoto wa kumlea. Mwaka 1644 Beijing ilianguka na nasaba ya Ming ikavunjika. Mwaka uliofuata majeshi ya Wamanchu, watu wa kaskazini waliosimamisha nasaba mpya ya Qing, yalifika nyumbani kwao kusini. Mama yule alikataa kula hadi akafa, na neno alilomwachia mwanawe ni kwamba asiwatumikie watawala wapya. Gu aliishi miaka 37 mingine na hakuwatumikia.

Lakini alijiuliza tumefikaje hapa. Jibu lake, na la wengi wa rika lake, lilikuwa kali. Walisema wasomi wa Ming walikaa wakijadili moyo na tabia ya asili na mbingu, wakasahau mito inapopita, kodi inavyokusanywa, ngome zinavyolindwa, na hata vitabu vyenyewe vinasema nini. Kwa hiyo akaondoka kusini akaenda kaskazini, akazunguka miaka zaidi ya 20 na wanyama wanne wa kubeba vitabu, farasi wawili na nyumbu wawili. Akifika kwenye ngome au mlangoni pa bonde huwaita askari wazee waliostaafu, akawauliza habari za mahali pale. Wakisema jambo lisilolingana na alichokijua, hufungua vitabu papo hapo, akalinganisha.

Rafiki mmoja aliwahi kumuuliza ameandika sura ngapi mpya za Rizhilu, kitabu chake cha maarifa ya kila siku. Gu akamjibu kwa mfano wa sarafu. Watu wa kale, alisema, walichimba shaba mlimani. Watu wa leo wananunua sarafu kuukuu na kuziyeyusha, wanapata sarafu mbovu na wakati huohuo wanaharibu hazina waliyoachiwa. Akaongeza kwamba mwaka mzima tangu waachane amesoma asubuhi na usiku, akarudia na kurudia, na amepata vipengele kumi na kitu tu. Ila hivyo, alitumaini, ni shaba ya mlimani.

Mwaka mzima, vipengele kumi na kitu. Mimi huisoma barua hiyo kila ninapojiona nimechelewa kuandika.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho ndicho hasa kilichonifanya niandike makala hii. Kinahusu herufi 16.

Zimo kwenye Shangshu, kwenye sura iitwayo Shauri la Yu Mkuu, na zinahesabiwa kuwa ni wosia wa mfalme mtakatifu Shun kwa mrithi wake Yu. Kwa Kiswahili ningezisema hivi: moyo wa mtu umo hatarini, moyo wa Njia ni mwembamba mno, uwe safi, uwe mmoja, uishike katikati kwa ukweli. Zhu Xi alizijengea mlango wa falsafa yake yote. Alisema huu ndio urithi uliopokezanwa na watakatifu tangu Yao na Shun, mkono kwa mkono, hadi kwa Konfusio. Kuanzia karne ya 14 maelezo ya Zhu Xi ndiyo yaliyokuwa kipimo cha mitihani ya serikali. Fikiria basi ni vijana wangapi, kwa miaka zaidi ya 300, waliokaa usiku na taa wakijichunguza kama moyo unaosema ndani yao ni ule wa mtu au ule wa Njia.

Yan Ruoqu alizaliwa mwaka 1636. Ukoo wao ulitoka Taiyuan lakini aliishi Huai'an, mji wa mfereji mkuu uliokuwa njia ya wafanyabiashara wa chumvi. Utotoni alikuwa na kigugumizi na masomo yalimwia mazito. Anasimuliwa kwamba alisoma ukurasa mmoja mara mamia bila kuushika, hadi usiku mmoja wa baridi akiwa na miaka 15, alipokaa gizani akiwaza bila kuinuka, na akili yake ikafunguka ghafla. Ukubwani aliandika kwenye nguzo ya nyumba yake maneno aliyoyachota kwa watu wa kale, kwamba jambo moja nisilolijua ni aibu kubwa kwangu, na kila ninayekutana naye humuuliza, kwa hiyo siku zangu za utulivu ni chache. Alipofika miaka 20 alianza kuzitilia shaka sura 25 za Shangshu, zile ziitwazo za maandishi ya kale. Alifanya kazi hiyo miaka 30 hivi.

Hakuwa wa kwanza kushuku. Zhu Xi mwenyewe alishangaa kwa nini sura zile zinasomeka kwa wepesi wakati sura nyingine za kitabu hichohicho ni ngumu kama mwamba. Katika karne ya 16 Mei Zhuo alikwishaandika kuzipinga. Alicholeta Yan ni ushahidi uliopangwa, hoja juu ya hoja, hadi 128.

Hoja yake moja ni hesabu tupu. Vitabu vya zama za nasaba ya Han, karibu miaka 2,000 iliyopita, vinasema kwamba ukutani mwa nyumba ya Konfusio zilipatikana sura 16 za ziada. Sura tulizonazo ni 25, na zilijitokeza katika karne ya 4 tu, mikononi mwa ofisa aliyeitwa Mei Ze. Kumi na sita hazizai ishirini na tano.

Hoja nyingine ni ya jiografia, na ndiyo niipendayo kuliko zote. Sura hizo zilikuja pamoja na maelezo yanayodaiwa kuandikwa na Kong Anguo, mtu wa ukoo wa Konfusio aliyekuwa kwenye utumishi wa mfalme Wu wa Han. Maelezo hayo yanasema mlima fulani upo kusini magharibi mwa Jincheng. Yan akafungua historia ya Han. Jimbo la Jincheng lilianzishwa mwaka 81 kabla ya Kristo, wakati Kong Anguo ameshakufa. Ni sawa na mtu akuletee barua yenye tarehe ya mwaka 1950 halafu ndani yake ukute limeandikwa jina Tanzania.

Na zile herufi 16? Yan akazifumua kama fundi anavyofumua koti. Mwanzo wake umo kwenye kitabu cha Xunzi, mwanafalsafa wa kale, ambaye anautaja kuwa umetoka kwenye kitabu kingine, Kitabu cha Njia, wala hasemi ni Shangshu. "Safi" na "moja" zinapatikana hukohuko kwa Xunzi. Mwisho umo kwenye Mazungumzo ya Konfusio. Mtu fulani alikata vipande akavishona. Jambo lililowauma wafuasi wa Zhu Xi ni kwamba Xunzi ndiye yule aliyefundisha kuwa tabia ya asili ya binadamu ni mbaya, na wao walikuwa wamemweka kando kwa ajili hiyo. Kumbe maneno waliyoyachukua kuwa moyo wa urithi wao yalitoka nyumbani kwake.

Kazi ya Yan ilizunguka kwa nakala za mkono, ikachapwa na mjukuu wake mwaka 1745, miaka 41 baada ya kifo chake. Kufikia wakati huo wasomi wengi walikuwa wameshakubali. Mtihani haukukubali. Watahiniwa waliendelea kuandika insha juu ya sura ambazo wasahihishaji wao, faraghani, walijua ni za kughushi.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye nilipokuwa mwanafunzi nilimwona mwoga, na sasa simwoni hivyo tena. Zhuang Cunyu wa Changzhou alikuwa ofisa mkubwa katika utawala wa Qianlong, mfalme wa Qing wa karne ya 18. Wapo waliotaka sura 25 ziondolewe kwenye masomo ya serikali. Zhuang alipinga. Kwa simulizi tuliyoachiwa na Gong Zizhen, mwandishi wa karne iliyofuata, hakubishana kuhusu ushahidi. Alisema tukiliondoa Shauri la Yu Mkuu, fundisho la moyo wa mtu na moyo wa Njia litapotea, na pamoja nalo litapotea onyo lililomo humohumo, kwamba ni afadhali kukiuka taratibu kuliko kumuua asiye na hatia.

Isome tena sentensi hiyo ukikumbuka alikuwa anafanya kazi kwa nani. Qianlong alikuwa na uwezo wa kuua. Onyo lililokaa ndani ya kitabu ambacho hata mfalme analazimika kukiinamia lilikuwa kizuizi, pengine kizuizi pekee ambacho ofisa wa aina yake angeweza kukitaja hadharani. Umwondolee mfalme onyo hilo kwa sababu jalada ni la kughushi? Na mshonaji yule wa karne ya 4 alitumia vipande vya kweli: onyo la kutomuua asiye na hatia limenukuliwa pia kwenye Zuozhuan, kitabu cha kale zaidi, kama neno la nyaraka za nasaba ya kale ya Xia. Koti ni la kughushi, kitambaa ni cha zamani.

Nimelipima jambo hili mara nyingi na bado namfuata Yan. Onyo likiwa la kweli litasimama bila jina la uongo, na watu waliofundishwa kufumba macho kwenye ushahidi mmoja watafumba na kwenye mwingine. Lakini siwezi kumdharau Zhuang. Alijua wino ni wa uongo na akaulinda kwa sababu ya damu ya watu.

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, kilipokea vipande vya mianzi vilivyofukuliwa na wezi wa makaburi na kununuliwa Hong Kong, takriban 2,500 ukihesabu na vilivyovunjika. Vipimo vya kaboni vinaviweka karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo. Miongoni mwake yamo maandishi yanayolingana kwa majina na baadhi ya zile sura 25, na maneno yake ni mengine kabisa. Yan alikuwa amekufa miaka 304 kabla. Hakuwahi kushika mwanzi hata mmoja. Alikuwa na vitabu ambavyo kila mtu alikuwa navyo, akavisoma kwa makini kuliko wengine.

Nimemweka mwisho Dai Zhen kwa sababu ndiye aliyelipeleka swali mbali zaidi. Alizaliwa Xiuning, katika milima ya Huizhou, mwaka 1724, mtoto wa mfanyabiashara wa nguo. Akiwa na miaka kumi hivi, mwalimu alimfundisha maelezo ya Zhu Xi kwenye kitabu cha Elimu Kuu, yanayosema kwamba maneno haya ni ya Konfusio, yameelezwa na mwanafunzi wake Zengzi.

"Mwalimu, tunajuaje kuwa haya ni maneno ya Konfusio?"

"Zhu Xi ndiye aliyesema."

"Zhu Xi aliishi lini?"

"Zama za Song."

"Na Konfusio?"

"Zama za Zhou."

"Kati ya Zhou na Song kuna miaka mingapi?"

"Karibu miaka elfu mbili."

"Basi Zhu Xi alijuaje?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Wanaosimulia wanasema alimsifu mtoto, na mimi namheshimu mwalimu huyo asiyekumbukwa jina. Wapo wengi ambao wangechukua fimbo.

Ukubwani swali lilibaki lilelile. Mwanzoni mwa Shangshu imeandikwa kwamba wema wa mfalme Yao "uliangaza" pande nne. Mwaka 1755 Dai alimwandikia msomi mwenzake Wang Mingsheng akisema herufi hiyo, guang, haikuwa "kuangaza". Kwa kufuata kamusi za kale na sauti zake, alisema asili yake ni neno lenye maana ya kujaa na kuenea, lililoandikwa pia heng, na kwamba lazima kulikuwa na nakala ya zamani iliyosema "heng". Nakala hiyo hakuwa nayo. Miaka miwili baadaye Qian Daxin akaikuta sentensi ikiwa na heng kwenye historia ya Han ya Baadaye. Yao Nai akakuta mfano kwenye utenzi wa Ban Gu. Kisha ndugu wa ukoo wa Dai akaikuta kwenye wasifu wa Wang Mang. Alikuwa amesema neno litakuwapo kabla halijaonekana, na marafiki wakawa wanamletea, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaomletea mwenzao habari za ndugu aliyepotea.

Mtihani wa juu wa serikali alishindwa mara sita. Alipokuwa na miaka 50 aliitwa Beijing kwenye kazi ya Siku quanshu, maktaba kubwa ya Qianlong iliyokusanya karibu vitabu 3,500 katika juzuu 36,000 na kunakiliwa kwa mkono mara saba. Shahada alipewa baadaye kwa hisani ya mfalme.

Siku quanshu ilikuwa na uso wa pili, na sitaki kuupita kimya. Vitabu vilivyoitwa kutoka kila jimbo vilichujwa, na zaidi ya 2,000 vikapigwa marufuku, vingi vikachomwa. Mwaka 1777 Wang Xihou wa Jiangxi, aliyetunga kamusi, aliuawa. Kosa kubwa lililotajwa ni kwamba aliyaandika wazi majina ya wafalme, ambayo ilikuwa mwiko kuyaandika, ili vijana wajue herufi za kuziepuka. Hata Rizhilu ya Gu Yanwu ilipochapwa baada ya kufa kwake iliondolewa maneno ambayo yangewaudhi Wamanchu, na ilibidi nakala ya mkono ijitokeze karne ya 20 ndipo watu wakajua palipokatwa. Wasomi waliojua kuliko wote duniani namna maandishi yanavyochezewa walikuwa wakila mshahara wa mchezeaji mkubwa. Wapo wanaosema ndiyo maana walikimbilia kwenye herufi na sauti, kwamba pale palikuwa salama. Kwa baadhi yao naamini ni kweli.

Kwa Dai si kweli. Kitabu chake cha mwisho, cha kufafanua maneno ya Mengzi, mfuasi mkubwa wa kale wa Konfusio, kinaanza kama kamusi. Neno li, ambalo wafuasi wa Zhu Xi walilifanya kuwa kanuni ya mbinguni iliyokaa moyoni, yeye analirudisha kwenye maana ya nyuzi na mistari iliyomo ndani ya vitu, kama ile anayoifuata mchonga jiwe la jade. Ukilijua hivyo, li huwezi kuitoa kifuani mwako tu. Inabidi uitafute kwenye jambo lenyewe, kwenye njaa ya watu, baridi yao, tamaa zao na machozi yao. Kisha kalamu inabadilika. Anasema mwenye cheo humlaumu wa chini kwa li, mzee humlaumu kijana kwa li, na hata wakikosea huitwa wenye haki. Wa chini akijitetea kwa li, hata akiwa na haki, huitwa mwasi. Mtu akifa kwa sheria wapo wa kumhurumia. Akifa kwa li, nani atamhurumia?

Nimepita Tangyue, katika eneo hilohilo la Huizhou. Pana matao saba ya mawe barabarani, mengine yakiwasifu wajane ambao hawakuolewa tena. Ni mazuri sana. Nilisimama chini yake jioni nikamfikiria mama wa Gu Yanwu, nikawafikiria na wanawake ambao mawe hayajasema kama waliulizwa.

Marafiki wa Dai hawakukipenda kitabu hicho. Zhu Yun, aliyekuwa mlezi wa wahakiki wengi pale Beijing, alisema kwamba kitakachomfanya Dai akumbukwe si hicho. Dai mwenyewe alimwandikia mwanafunzi wake Duan Yucai, mwezi mmoja tu kabla ya kufa, kwamba katika yote aliyoyaandika maishani hicho ndicho kikubwa kuliko vyote.

Duan alimtii mwalimu wake kwa njia yake. Alikaa zaidi ya miaka 30 na kamusi moja ya zama za Han, akiifafanua herufi kwa herufi. Kwenye vina vya Shijing aligundua kwamba sauti tatu ambazo kwa masikio ya zama zake zilikuwa ni sauti moja, zile zinazosomwa zhi zote tatu, washairi wa kale hawakuzichanganya. Kila moja ilikaa na kina chake. Dai alisita mwanzoni, kisha akakubali. Lakini hakuna aliyejua zilitofautianaje midomoni mwa watu. Waliosema walikufa zamani, na karatasi haina sauti.

Alipokuwa mzee alimwandikia Jiang Yougao wa Huizhou, kijana kwake kwa miaka karibu 40, akamuuliza kama anaweza kujua kwa nini zile tatu zilikuwa tatu. Mimi ni mzee, aliandika, na kama nitalisikia jibu kisha nife, je, hiyo haitakuwa bahati kubwa?

Kamusi yake ilimaliza kuchapwa mwaka 1815. Alifariki mwaka uleule.